Mwananchi wa Paa Mbili

Katika Jamhuri ya Shwarini, nchi ambayo haimo kwenye ramani yoyote kwa sababu wachora ramani wake bado wanadai malipo, kodi ya majengo hailipwi na mwenye jengo. Zamani ililipwa naye, kama inavyofanyika katika nchi zisizo na fikra. Lakini wenye nyumba walilalamika kwamba wanachoka, na kwa kuwa wengi wao walikuwa pia wabunge, Bunge liliwaonea huruma siku hiyo hiyo, kabla ya chai ya saa nne. Ikapitishwa sheria fupi, ya kupendeza: Kodi ya Paa italipwa na yule anayelala chini yake. Mwenye paa yuko mbali na paa lake, alifafanua Waziri wa Makazi na Furaha. Anayelala chali ndiye anayelitazama usiku kucha, na anayetazama ndiye anayefaidi.

Wananchi wakapiga makofi. Shwarini watu hupiga makofi kwanza, kisha wakirudi nyumbani ndipo wanaulizana kimesemwa nini.

Mwalimu Kibwana Shekue alikuwa miongoni mwa waliopiga. Alifundisha jiografia katika shule ya sekondari, mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusema "samahani" hata kwa kiti alichojikwaa nacho. Aliishi upande wa Ukingo, katika nyumba ya kupanga, pamoja na mkewe Zamda, fundi cherehani, na binti yao wa pekee, Havijawa. Kodi ya Paa walilipa kila mwaka bila kusumbua mtu. Walilipa hata mwaka ule paa lilipovuja. Mwalimu alikwenda kuuliza kama atapunguziwa kidogo, afisa akamweleza kwa upole kwamba kwa kweli wanambeba, maana paa lake linatoa na maji, na huduma ya maji hawajamtoza.

Mwaka huo Havijawa alichaguliwa kwenda chuo cha uuguzi, kwa ufadhili ambao serikali huwapa watoto wa wapangaji. Hakuna alichokitaka zaidi ya hicho. Alikuwa amemuuguza bibi yake, mama yake Mwalimu, tangu alipoanguka mpaka alipofunga macho, akitoka shule na kuvaa kanga juu ya sare, akimgeuza ubavu mmoja hadi mwingine asije akapata vidonda. Siku ya mazishi, muuguzi wa zahanati alimshika mkono akamwambia, "Mwili wa bibi yako umeondoka hauna jeraha hata moja. Mimi mwenyewe nisingeweza." Tangu hapo msichana hakuwa na swali tena juu ya maisha yake. Alikuwa na subira tu.

Basi, wakati wakiisubiri tarehe ya kuripoti chuoni, mwenye nyumba wao, Mheshimiwa Mbunge Lutambi, akaja kuwasalimu. Hakuwa mtu wa kuja hivi hivi. Aliketi, akasifu kapeti, akasifu chai, kisha akashusha pumzi.

"Mwalimu, nyinyi nawapenda sana. Ndiyo maana nimeona mwisho wa mwezi muondoke, mkapate mazingira mapya. Mtu akikaa sana mahali pamoja anadumaa."

"Kuna mpangaji mwingine anayelipa zaidi?" aliuliza Zamda.

"Mama, mimi nazungumzia afya zenu, wewe unazungumzia fedha," alisema Mheshimiwa kwa masikitiko, akamaliza chai, akaondoka.

Wakatafuta. Wakapata nyumba ng'ambo ya mtaro mkubwa wa maji machafu, upande wa Kitope, ambao ni manispaa nyingine kabisa, yenye bendera yake na wimbo wake. Nyumba ilikuwa na jiko la ndani na madirisha yanayofunguka. Dalali aliwaambia waichukue siku ile ile. "Mkingoja mwisho wa mwezi mtaikuta ina watu, tena na mbuzi wao." Mwalimu akatafakari, akalipa, akapewa ufunguo. Kwa hiyo, kwa muda wa wiki mbili, huku wakivusha vyombo kwa mkokoteni kidogo kidogo, Mwalimu Kibwana Shekue alitembea na funguo za nyumba mbili mfukoni.

Hilo ndilo kosa lake lote. Hakuna jingine tulilolisikia.

*

Asubuhi ya kwanza huko Kitope, godoro likiwa bado limekwama mlangoni, alifika kijana nadhifu aliyevaa tai yenye picha za mabati. Alijitambulisha kuwa ni Bwana Chubwa, Afisa Mapokezi ya Walipakodi. Alisaidia kusukuma godoro, akawapa mkono wote watatu, akawaimbia ubeti wa kwanza wa wimbo wa manispaa. Kisha akatoa kimashine chake kidogo, akaingiza jina la Mwalimu, akakitazama, na uso wake ukajaa heshima kubwa.

"Mzee, mbona ulinificha?"

"Nilikuficha nini?"

"Una paa jingine! Ukingo! Mashine inasoma hapa, Shekue Kibwana, yuko Ukingo, analala. Na hapa pia yupo, analala. Mzee, wewe ni Mwananchi wa Paa Mbili!"

Mwalimu alicheka, akidhani ni utani wa makaribisho. "Ile ya Ukingo nahama. Nimebakiza kabati na sufuria. Na wala si yangu, ni ya kupanga. Hata hii ni ya kupanga."

"Sheria haiulizi ya nani. Inauliza nani yumo."

"Lakini mtu mmoja hawezi kulala nyumba mbili kwa wakati mmoja."

"Wa kawaida hawezi," alikubali Chubwa. "Ndiyo maana wa paa mbili wana daraja lao. Watalipa Ukingo, watalipa Kitope, halafu kuna tozo ndogo ya ukwasi, kwa ajili ya kuwasaidia wasio na nyumba. Hongera sana, mzee. Mtaa huu haujawahi kupata mkwasi."

Zamda, aliyekuwa ameshika ncha ya pili ya godoro, aliuliza kama mkwasi huruhusiwa kukataa ukwasi. Chubwa alisema anaweza, bila shida yoyote. Aende Ukingo, athibitishe kwamba hayupo, wamfute. "Mambo ya dakika chache," alisema, na kwa kuwa alikuwa kijana mwenye moyo safi, aliamini anachosema.

*

Ofisi ya Ukingo ilisimamiwa na Bi Staajabu, mwanamke mnene, mchangamfu, ambaye alikuwa hajawahi kumwambia mtu hapana. Alimkaribisha Mwalimu kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwonea huruma waziwazi.

"Pole, kaka yangu. Kwa hiyo unataka kuthibitishwa kutokuwepo."

"Nataka kuondolewa tu."

"Ndiko huko. Ni haki yako. Mkaguzi wetu atakuja nyumbani kwako hapa Ukingo, atabisha hodi. Akihakikisha kwamba hupo, utatia sahihi."

"Nitatia sahihi wapi?"

"Pale pale, mlangoni."

Kwa miaka mingi Mwalimu alikuwa amewafundisha watoto wa watu kwamba mahali ni jambo la hakika, lina latitudo na longitudo. "Samahani, dada. Nikiwepo mlangoni kutia sahihi, si nitakuwa nipo?"

"Ndiyo."

"Na nisipokuwepo?"

"Hatutakuwa na sahihi, na hatuwezi kuchukua neno la mtu ambaye hayupo." Bi Staajabu alimtazama kwa upendo. "Wengi husumbuka hapo. Wewe jitahidi tu."

Siku ya ukaguzi ilikuwa ya mwisho wa mwezi. Mwalimu alikwenda mapema, akatoa kabati na sufuria zilizosalia, akafagia, akafunga mlango, akakaa nyuma yake katika nyumba tupu iliyotoa mwangwi. Aliazimia kufanya kila kitu kwa uaminifu. Mkaguzi alipobisha, hakujibu. Alipobisha tena, hakujibu. Mkaguzi akaanza kuondoka, akisema kwa sauti, "Hakuna mtu, sahihi haijapatikana, anaendelea kudaiwa," na hapo Mwalimu akakurupuka, akafungua mlango.

"Samahani! Nipo! Yaani, sipo. Nimekuja kutokuwepo."

Mkaguzi, mzee aliyekaribia kustaafu, alimtazama kuanzia viatuni hadi kichwani. "Unaishi hapa?"

"Siishi."

"Ufunguo wa nani huo?"

"Wangu. Nakwenda kuurudisha."

"Nimebisha, umenifungulia. Umenikaribisha?"

"Karibu," alisema Mwalimu, maana hakulelewa kumwacha mtu mzima amesimama nje.

"Basi," alisema mkaguzi, akaandika kwamba mkazi amekutwa, ni mkarimu, na ana nyumba kubwa isiyo na samani, dalili ya mtu mwenye nyumba nyingine zenye samani. Mwalimu aliporudi Kitope jioni alikuwa amekaguliwa, amethibitishwa, na tozo ya ukwasi imepanda.

*

Pengine mambo yangeishia hapo, familia ikalipa, ikabana matumizi, ikasahau, kama wanavyofanya watu wa Shwarini. Lakini kesho yake mpangaji mpya alihamia Ukingo. Huyu alikuwa Bi Mwaka Sengo, mjane mwenye sauti nzito, mtengeneza keki za harusi, aliyefika na tanuri kubwa lililobebwa na wanaume wanne. Bi Staajabu alipojaribu kumwandikisha, mashine ilikataa: nyumba hiyo tayari ina mtu ndani yake. Bi Staajabu hakutaka kumwambia hapana. Alitafuta nafasi ambayo mashine ingeikubali, akaipata, akamwandikisha hapo. Nafasi yenyewe iliitwa Mwenza wa Paa.

Wiki iliyofuata Chubwa alifika Kitope na uso wa mtu aliyeleta habari njema. Zamda alikuwa kwenye cherehani, akitunga uzi.

"Shikamoo mama. Samahani, nina swali dogo la kumbukumbu. Mke mkubwa ni wewe, au ni yule wa Ukingo?"

Uzi haukuingia kwenye sindano. Zamda aliuweka chini taratibu.

"Yupi wa Ukingo?"

"Bi Mwaka. Wa keki." Chubwa alianza kuhisi kwamba kuna kitu hakiko sawa, lakini hakujua ni kipi. "Nauliza kwa sababu mwenza mdogo ana punguzo."

Mwalimu aliporudi kutoka shule alimkuta mkewe amevaa baibui, mkoba begani. Alimweleza, akaapa, akamtaja mama yake marehemu, akacheka, kisha akaona kicheko kinamharibia zaidi. Zamda alimsikiliza mpaka mwisho. Walikuwa wameoana tangu wote wawili wakiwa vijana, na hakuwahi kumdhania kitu. Lakini kuna maneno yakishapigwa muhuri wa serikali, hata mtu mwenye akili zake huanza kuyasikiliza.

"Wiki mbili ulikuwa unakwenda kule kila jioni," alisema.

"Nilikuwa navusha vyombo!"

"Nakwenda kuviona vilikovuka."

Akavuka mtaro peke yake, akabisha hodi katika mlango alioupaka rangi kwa mikono yake mwenyewe. Bi Mwaka alifungua, mikono imejaa unga.

"Wewe ndiye mke mwenzangu?" aliuliza Zamda.

Bi Mwaka alimtazama, akamshika mkono kwa vidole vyake vyeupe vya unga, akamvuta ndani. "Afadhali umekuja! Huyo mume wako nitampata wapi? Nimefiwa na mume mmoja, nimekaa eda yangu kwa adabu zote, leo naambiwa nina mwingine, na deni lake nimerithi akiwa hai! Mimi nimekuja hapa kutafuta nyumba, sikuja kutafuta mwanamume. Ni mrefu?"

"Mrefu."

"Anasumbua?"

"Hapana," alisema Zamda, na hapo machozi yakamtoka, kwa kuona aibu na kwa kufarijika. "Hasumbui hata kidogo. Anaomba radhi kwa viti."

Wakakaa. Bi Mwaka akakata kipande cha keki iliyoharibika upande mmoja, wakala wote wawili, wakahesabu kwa vidole nani kalipishwa nini. Walipomaliza waligundua kwamba paa lile moja la Ukingo lilikuwa limelipiwa na Mwalimu kama mkazi, na Mwalimu tena kama mkwasi, na Bi Mwaka kama mwenza, na kwamba mtu pekee ambaye hakuwa amelilipia ni Mheshimiwa Lutambi, mwenye paa.

*

Pigo lenyewe lilikuja siku chache baadaye, na halikuja kwa kelele. Havijawa alikwenda ofisi ya elimu kuulizia nauli ya kwenda chuoni. Karani alimwambia ufadhili ni wa watoto wa wapangaji, na yeye ni mtoto wa mkwasi. Nafasi amepewa mwingine, mpwa wa mtu fulani, aliyeandikwa mpangaji kwa sababu nyumba aliyokaa ilikuwa ya mjomba wake.

Alirudi nyumbani akapika. Walipokwisha kula ndipo alipowaambia, kwa sentensi chache, kama mtu anayesoma habari za mji mwingine. Mwalimu alitaka kusema kitu.

"Baba, usiseme samahani," alisema Havijawa. "Tafadhali. Wewe hujafanya chochote. Ukisema samahani nitalia."

Akaondoa vyombo. Wakamsikia kule jikoni akiosha sahani moja kwa muda mrefu sana.

Mwalimu Kibwana alikuwa amevumilia tozo, amevumilia mkaguzi, amevumilia hata mtaa mzima kumwita mkwasi na kumkopa. Lakini usingizi wa siku ile haukuja. Alikodolea macho lile paa analolilipia, na kwa mara ya kwanza akafikiria kwamba hakuna hata kidogo anachokifaidi.

Katika hali hiyo ndipo Chubwa alipokuja tena, safari hii akikimbia. Wizara imeteua! Siku ya Paa ilikuwa inakaribia, sikukuu ya taifa, na Waziri wa Makazi na Furaha alikuwa na tangazo la kihistoria: Shwarini sasa ina makazi mengi kuliko familia zenyewe, shukrani kwa takwimu. Palihitajika mwananchi mmoja wa mfano, wa kuonwa na kushikwa mkono, na aliyepatikana ni Mwalimu. Atapanda jukwaani. Atapewa zawadi. Tena kwa desturi ataruhusiwa kuomba ombi moja.

"Watu huomba nini?" aliuliza Mwalimu.

"Huomba serikali iendelee hivyo hivyo."

Mwalimu alisema hatakwenda. Zamda alisema atakwenda. Bi Mwaka, ambaye siku hizo alikuwa akivuka mtaro kila jioni kuja kunywa chai na mke mwenzake, aliuliza akienda atasema nini.

"Nitawaeleza sina nyumba mbili," alisema Mwalimu.

"Umewaeleza mara ngapi?" aliuliza Zamda. Alikuwa anashona, na hakuinua kichwa. "Umeeleza Kitope, umeeleza Ukingo, umemweleza mkaguzi. Kila ukikanusha unaongezewa. Hujajaribu kukubali hata mara moja."

*

Uwanja ulijaa. Waziri alivaa suti ya bluu na kilemba cha mabati mepesi, kilichobuniwa kwa ajili ya siku hiyo. Waheshimiwa wabunge waliketi nyuma yake kwenye viti vya kunesa, Lutambi akiwa mstari wa mbele. Mwalimu alisimama pembeni, amevaa koti aliloshonewa na mkewe.

"Walisema hatuwezi!" alianza Waziri. "Maadui wa maendeleo walisema, mwalimu wa jiografia, na mshahara ule ule tunaompa, hawezi kuwa na nyumba mbili. Leo tunawauliza, huyu hapa ni nani? Tulimwongezea mshahara? Hatukumwongezea! Tulimjengea? Hatukumjengea hata choo! Tulimhesabu tu, ndugu zangu. Tulimhesabu kwa upendo!"

Makofi. Waziri akamkabidhi Mwalimu zawadi yake, bati moja jipya lililofungwa utepe mwekundu, akamsogezea kipaza sauti. "Omba, Mzee Shekue. Taifa linakusikiliza."

Mwalimu alishika bati kwa mikono yote miwili. Aliwaona Zamda na Bi Mwaka wamesimama bega kwa bega katikati ya umati. Alimwona Havijawa.

"Mheshimiwa Waziri," alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba, "nashukuru. Kwa muda mrefu nilikataa. Nilisema nyumba hizi si zangu. Serikali ikanikagua, ikathibitisha ni zangu, na leo umelitangazia taifa. Mimi ni nani nibishane na taifa? Nimekubali. Ombi langu ni dogo. Naomba hati miliki."

Waziri aliendelea kutabasamu, maana tabasamu lilikuwa limetangulia na halikupata habari mapema.

"Hati za nini?"

"Za nyumba zangu mbili."

Mheshimiwa Lutambi akasimama, kiti chake kikapiga kelele. "Ile ya Ukingo ni yangu! Nimeijenga mimi!"

"Keti, Mheshimiwa," alinong'ona Waziri, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi. "Ni takwimu tu."

"Takwimu gani? Mtu anaomba nyumba yangu mbele za watu!"

"Kama ni yako," alisema Mwalimu, akimgeukia, "kodi yake nimelipa mimi kwa nini?"

Hakuwa amewahi kumuuliza mtu mkubwa swali bila kutanguliza samahani. Aliingoja ije, haikuja. Kule chini umati ulikuwa haujapiga makofi. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Shwarini, watu walikuwa wanafikiria kabla ya kupiga. Kisha mwanamume mmoja, muuza mitumba, akapaza sauti kwamba mwaka juzi alipohama alilipishwa nyumba mbili, na yeye anaomba hati zake. Mwanamke akadai tatu. Bi Mwaka, kwa sauti yake nzito, alisema yeye hataki mume, anataka nyumba. Ilionekana kwamba karibu kila mtu pale uwanjani aliwahi kuhama, na kila aliyehama aliwahi kuwa mkwasi. Chubwa, aliyekuwa amesimama chini ya jukwaa, alihesabu haraka haraka kwa kimashine chake, akamwambia Waziri kwa furaha kwamba hati zinazohitajika ni nyingi kuliko nyumba zilizopo.

*

Bunge lilikaa mchana ule ule. Halikungoja chai. Wapo wabunge waliokuwa hawajaonekana ukumbini tangu walipoapishwa, na walifika wakikimbia. Mjadala ulikuwa mfupi na wenye hisia. Mheshimiwa Lutambi alilia akieleza jinsi mwenye nyumba anavyoteseka. Jioni redio ikatangaza sheria mpya, fupi kuliko ile ya kwanza: mpangaji hana makazi. Mpangaji haishi mahali, bali yupo tu.

Kwa hiyo hakuna mpangaji angeweza kudai hati. Na kwa kuwa hana makazi, hatatozwa tena Kodi ya Paa, wala tozo ya ukwasi, wala hawezi kuwa na mwenza. Fedha zilizotozwa kimakosa zingerudishwa, Waziri alisisitiza, kwa kila atakayefika na uthibitisho wa mahali anapoishi. Kadhalika wasio na makazi wasingepiga kura, kwa kuwa hawana jimbo, jambo ambalo wabunge walilipokea kwa utulivu mkubwa. Wenye nyumba nao hawakurudishiwa jukumu la kulipa kodi. Paa zote za Shwarini zikabaki bila mlipaji, na mwaka uliofuata manispaa zikaanza kutoza mvua.

Lakini sheria, kama ilivyo kawaida ya zinazotungwa kwa kukimbia, ilikuwa imeangusha kitu njiani. Kwenye kanuni za elimu palikuwa na kifungu cha zamani, kilichowekwa kuwafurahisha wageni fulani wafadhili, kwamba watoto wa wasio na makazi watangulizwe kuliko wote. Chubwa ndiye aliyekikumbuka. Alikuja bila tai, akakaa na Havijawa kwenye benchi la ofisi ya elimu kuanzia asubuhi, akimsomea karani kifungu kile kwa sauti ile ile aliyokuwa akiimbia wimbo wa manispaa, mpaka karani akachoka. Jina la Havijawa likarudi. Likawa la kwanza.

Mwalimu na Zamda walimsindikiza. Chuo kilikuwa mbali, penye baridi, na geti lilikuwa na mlinzi mwenye ubao wa majina. Alimsomea Havijawa jengo lake, chumba chake, na kitanda chake, cha dirishani. Havijawa akarudia maneno yale kwa sauti ndogo, jengo, chumba, kitanda, kama anayeonja kitu. Katika ukoo mzima wa Shekue, yeye peke yake sasa alikuwa na mahali kisheria.

Aliwakumbatia. Kisha akasimama na sanduku lake, akakunja uso.

"Baba, nikiandika barua niipeleke wapi?"

Mwalimu wa jiografia aliifikiria Kitope, ambako mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kuja kusifu chai. Aliufikiria mtaa utakaofuata, na ule utakaoufuata huo. Akamtazama mkewe, aliyekuwa anamfunga binti yao kifungo cha juu cha koti.

"Andika jina la mama yako," alisema. "Halafu uulize watu tuko wapi."